Taa za baiskeli za kuonea njia gizani: zipi za kununua, zipi za kuacha

Huku karibu na ikweta jua halichelewi kuaga. Likishazama una kama dakika 20 za mwanga hafifu, kisha giza. Anayetoka mjini saa kumi na mbili jioni kwa baiskeli, akaelekea mahali ambapo nguzo za taa hazijafika, sehemu kubwa ya safari yake ataimalizia gizani. Mbele yake kuna matuta yasiyopakwa rangi, mashimo, mbuzi waliojilaza kwenye lami kwa kuwa bado ina joto la mchana, na malori yanayokuja yamewasha fuli. Kitaa cha kumfanya aonekane hakimtoshi hapo. Anahitaji taa ya kuonea.

Tuanze na breki kabla ya taa. Kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa unakwenda mita 7 kila sekunde. Tangu jicho lione shimo hadi vidole vikamate breki hupita sekunde moja na nusu mpaka mbili, hasa ukiwa umechoka, na hizo tayari ni mita 10 hadi 14. Breki zinazoshika vizuri kwenye lami kavu zitakula mita 6 zaidi. Kwenye changarawe karibu 10. Kwa hiyo shimo lazima ulione likiwa zaidi ya mita 24 mbele yako, na kwa usalama tuseme 30. Ukiteremka mlima kwa kilomita 40 kwa saa, hesabu hiyo hiyo inapanda hadi karibu mita 50. Taa isiyokuonyesha tuta kwa umbali huo inakudai upunguze mwendo, hata boksi lake liwe limeandikwa nini.

Mwanga unaangukia wapi

Dukani watu huulizana lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa, uende juu, chini au pembeni. Luksi ni mwanga uliofika mahali fulani. Mwenye bustani ya mchicha anaelewa haraka: lumeni ni maji yaliyomo kwenye keni ya kumwagilia, luksi ni maji yaliyofika kwenye shina. Taa mbili zenye lumeni 600 kila moja zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi, moja ikimwagilia mboga na nyingine ikimwagilia njia ya kupita.

Mwanga nao hupungua kwa mraba wa umbali. Taa inayotoa luksi 100 mita 10 mbele hutoa luksi 25 ikifika mita 20, luksi 4 kwa mita 50, na luksi 1 tu kwa mita 100. Maboksi ya taa zilizopimwa kwa kanuni ya Marekani iitwayo ANSI FL1 huandikwa umbali wa mwanga, mfano mita 200. Umbali huo hupimwa hadi pale inapobaki luksi 0.25, yaani kama mbalamwezi ya mwezi mpevu. Mbalamwezi inatosha kutembea kwa miguu. Kuona shimo ukiwa kwenye baiskeli, hapana. Gawa namba hiyo kwa nne na utapata umbali ambao bado una luksi 4, na huo ndio wa kuuamini. Mita 200 za boksi ni mita 50 za barabarani. Taa iliyoandikwa mita 100 inakupa 25, chini ya zile 30 tulizozipata kwenye breki.

Halafu kuna umbo la mwanga, na kwetu hili lina uzito kuliko yote. Taa nyingi hutoa duara kama tochi. Nusu ya juu ya duara hupotelea kwenye miti na machoni mwa anayekuja. Nusu ya chini huangukia mita tatu mbele ya gurudumu, inang'aa kupita kiasi, mboni ya jicho inajibana, na kule mbali kunazidi kuwa giza. Mwendeshaji akiona hivyo huinua taa au hununua yenye lumeni nyingi zaidi, na tatizo linakua pamoja na bei.

Taa yenye mkato hufanya kazi kama gari lililowekwa dimu. Kioo chake cha ndani hukunja mwanga uliokuwa uende juu na kuurudisha barabarani, na juu kunabaki ukingo ulionyooka kama umepigwa kwa rula. Sehemu yenye nguvu zaidi iko mara tu chini ya ukingo huo, nayo ndiyo inayofika mbali; kadiri unavyosogea karibu na gurudumu ndivyo mwanga unavyopunguzwa. Barabara inaonekana imepakwa rangi moja ya mwanga tangu mita 4 hadi 40, na dereva anayekuja hapati sababu ya kukupigia fuli kwa hasira.

Ujerumani jambo hili limewekwa kwenye sheria ya vyombo vya barabarani, StVZO. Taa ya mbele lazima itoe angalau luksi 10 kwa umbali wa mita 10, isimpofushe anayekuja, na taa za kumetameta haziruhusiwi. Hadi 2013 baiskeli za kawaida huko zililazimika kuwa na dainamo. Tangu mwaka huo taa za betri pia zinakubalika. Taa iliyopita kipimo hicho hugongwa alama ya wimbi dogo na herufi K yenye namba. Ukiiona alama hiyo kwenye mwili wa taa, hata iwe ya mtumba, ujue mwanga wake una mkato. Ila luksi 10 ni kiwango cha chini cha kisheria. Kwa giza la barabara zetu tafuta 50 kwenda juu.

Mkato una udhaifu wake. Hauonyeshi tawi lililoinama usawa wa uso. Kwenye kona kali taa inaangaza porini wakati wewe unageukia kwingine. Kwenye barabara ya mawimbi ya changarawe ule ukingo hupanda na kushuka kila gurudumu linaporuka, na baada ya nusu saa macho huchoka. Ukiingia bondeni, mwanga unafupika ghafla kwa kuwa barabara ya mbele imeinuka. Anayepita vijia vya mashambani ataihitaji duara, au taa ndogo ya kichwani ya lumeni 200 hadi 300 kusaidia ile ya usukani.

Taa zenyewe

Vitaa vidogo vya kuchaji kwa USB, vile vinavyopangwa mezani Kariakoo au Luthuli Avenue vikiwa na taa ya nyuma ndani ya boksi moja, ni vya kuonekana. Kwenye mtaa wenye taa vinafaa kabisa. Gizani vinakubali kilomita 12 kwa saa, si zaidi. Kinachovishinda ni ujazo: mwili mdogo hubeba betri ya miliampea-saa (kwa kifupi tutasema miliampea) 1,000 au 1,200, na hakuna namna ya betri hiyo kutoa lumeni 1,000 kwa saa tatu. Kipimo cha haraka ni hiki. Taa nzuri ya LED, baada ya hasara za saketi na lenzi, hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati moja. Betri ya miliampea 1,200 kwa volti 3.6 ina wati-saa 4.3. Ukitaka lumeni 1,000, sawa na wati 10, itakwisha ndani ya dakika 26. Ukitaka saa tatu, utapata lumeni 140. Hesabu hii ya kuzidisha na kugawa unaweza kuifanya kwenye simu ukiwa umesimama kaunta, na inafichua boksi nyingi.

Kuna zile za kichwa kikubwa zenye betri ya pembeni ndani ya kimfuko cha kitambaa, zinazoitwa T6. T6 imekuwa kama jina la taa, lakini asili yake ni daraja la mwanga la LED ya XM-L ya kampuni ya Cree: maana yake LED hiyo ilitoa angalau lumeni 280 ilipopewa miliampea 700. Ikisukumwa hadi ampea 3, ambacho ndicho kikomo chake, hufika 900 hivi na joto jingi juu yake. Taa ya LED moja ya T6 inayodai lumeni 5,000 inadai kisichowezekana. Kimfuko nacho kawaida huwa na seli nne za 18650 (betri za lithiamu zenye umbo la kidole), mbili mbili kwa mfuatano, na kibandiko kinasema miliampea 12,000. Hata ukiweka seli bora za miliampea 3,500, mbili sambamba ni 7,000. Mwanga wa taa hizi ni mwingi kweli, na ni duara tupu. Kasoro yake mbaya zaidi ni plagi. Betri hiyo huchajiwa kwa volti 8.4, na tundu lake linakubali chaja ya volti 12 ya redio au ruta bila kulalamika. Ukichanganya, unaichaji kupita kiasi, na betri ya lithiamu iliyochajiwa kupita kiasi inaweza kuwaka moto. Kama unayo taa ya aina hii, funga utepe wa rangi kwenye chaja yake na kwenye waya wa betri yake, rangi moja, watoto na wageni wote waelewe. Kama huna, usinunue.

Taa za mwili mmoja za viwanda vinavyosema ukweli ni daraja jingine. CatEye Volt800 ni mfano mzuri: lumeni 800 kwa saa 2 hivi, 400 kwa saa 3 na nusu, 200 kwa saa 8. Betri yake ni kipande cha nyuma kinachofunguliwa kwa kuzungusha, kwa hiyo mwenye safari ndefu hubeba ya pili mfukoni, na betri ikizeeka unabadilisha kipande hicho tu badala ya kutupa taa nzima. Mwanga wake ni duara, umepangwa vizuri kuliko wa T6 lakini bado ni duara. Ukikutana na watu njiani shusha hadi 200 au uiinamishe kwa mkono. Kwa mtu wa njia mchanganyiko, lami kidogo na vumbi zaidi, tungeinunua na kuitumia kwenye 400 muda mwingi.

Kwa lami tunachagua taa zenye mkato. Kampuni ya Ujerumani ya Busch & Müller ndiyo inayojulikana zaidi kwa kazi hii: Ixon Core yake ya betri hutoa luksi 50, Ixon Space 150. Hiyo ya 50 inampeleka nyumbani vizuri mtu wa kilomita 20 hadi 25 kwa saa, bila kutafuta njia kwa macho yaliyokazwa. Ya 150 ni ya wanaokimbia au wenye miteremko mirefu. Huku kwetu hazipatikani kila duka, lazima kuagiza au kumtuma mtu anayerudi kutoka Ulaya, na hilo ndilo tatizo lake kubwa: kishikio kikivunjika, fundi wa mtaani hana kingine. Agiza kishikio cha akiba siku ile ile unapoagiza taa.

Mwenye bajeti ndogo asikate tamaa. Tochi ya kawaida ya seli moja ya 18650, kama Convoy S2+, iliyofungwa kwenye usukani kwa kishikio cha tochi, inazishinda taa nyingi za baiskeli za bei mara mbili yake. Ina saketi rahisi isiyokufa ovyo, seli inatoka na kuingia, na unaweza kuchagua rangi ya mwanga. Kwenye barabara ya udongo mwekundu chagua Kelvini 4,000 hadi 5,000, mwanga ulioelekea manjano kidogo. Mwanga mweupe wa kibuluu wa 6,500 huufanya udongo, majani makavu na kinyesi cha ng'ombe vyote vionekane kijivu kimoja. Itumie kwenye kiwango cha kati. Cha juu kabisa kinapasha mwili wa tochi kwa dakika chache na muda wa betri unaporomoka.

Dainamo

Fundi mzee atakuambia dainamo haina mpinzani, na kwa anayesafiri kila usiku tunakubaliana naye, kwa sharti moja: iwe dainamo ya habu. Ile imejengwa ndani ya habu ya gurudumu la mbele, hutoa volti 6 na wati 3, na taa za LED za siku hizi kama IQ-X ya Busch & Müller, yenye luksi 100, hung'aa kikamilifu kuanzia kilomita 15 kwa saa hivi. Haijali mvua wala tope. Uzito unaousikia miguuni ni mdogo kiasi kwamba watu wengi husahau kuizima. Ukisimama, kapasita ndani ya taa huendelea kuwasha mwanga mdogo kwa dakika kadhaa. Gharama yake ni kwamba gurudumu lazima lisukwe upya: habu mpya, spoki za urefu mpya, na fundi anayejua kunyoosha rimu. Ukipanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea, mwanga hucheza na kufifia.

Dainamo ya chupa, ile inayosugua ubavu wa tairi, tunaipa alama ndogo, ingawa kwenye baiskeli za Phoenix na Hero ndiyo iliyozoeleka. Tairi likilowa, kichwa chake huteleza na mwanga hukatika wakati ule ule unaouhitaji. Hukwangua ubavu wa tairi mpaka nyuzi zionekane. Na kwenye seti za balbu za zamani kuna ugonjwa unaojulikana: balbu ya nyuma ikiungua ukiwa kwenye mteremko, umeme wake wote unahamia ya mbele, nayo inaungua sekunde hiyo hiyo. Kama unabaki nayo, weka taa ya LED yenye kinga ya umeme wa ziada, kisha angalia mambo mawili. Mhimili wa dainamo ukiurefusha kwa macho lazima ukutane na ekseli ya gurudumu. Ikiwa imekaa upande, itakula tairi na itapiga kelele. Na ile skrubu yenye ncha kwenye kishikio lazima ipenye rangi hadi chuma cha fremu, maana umeme hurudi kupitia fremu. Dainamo nyingi zinazoitwa mbovu zina skrubu iliyokaa juu ya rangi.

Betri, mahali pa uongo mwingi

Seli ya 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65. Nzuri ina miliampea 2,500 hadi 3,500 na uzito wa gramu 45 hadi 50. Zile zilizoandikwa 9,900 hazipo duniani kwa ukubwa huo. Iweke kwenye mizani ya dhahabu au ya viungo: ikisoma gramu 30, ndani mna seli ndogo au takataka, na haitafika hata miliampea 1,500. Kama haitoki kwenye taa, tumia mita ndogo ya USB. Maliza chaji yote, chaji hadi ijae, usome miliampea zilizoingia. Taa ya 3,500 ikisoma chini ya 2,500, umeuziwa pungufu.

Kuna ujanja mwingine ambao si uongo kamili. Kwa kanuni ya ANSI FL1 muda wa kuwaka huhesabiwa tangu sekunde 30 baada ya kuwasha hadi mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Taa inaweza kutoa 1,000 kwa dakika kumi, ikateremka taratibu hadi 100, na boksi likaandika saa tatu kihalali. Tafuta mchoro wa mwanga dhidi ya muda. Kampuni inayojiamini huuonyesha. Usipoupata, washa taa juu kabisa ndani ya chumba chenye giza, elekeza darini, uipige picha kila dakika tano kwa simu iliyofungiwa mipangilio ileile. Bila upepo taa itapata moto na kujipunguza mapema kuliko barabarani, na hilo ujue pia, kwa sababu ukipanda mlima kwa kilomita 8 kwa saa upepo ni huo huo kidogo.

Kwa wanaochaji kwa sola: paneli inayotoa volti 5 kwa ampea 1 itahitaji saa tatu hadi nne za jua kali kujaza seli moja ya 3,500. Taa yenyewe ikae kivulini wakati inachaji. Waya urefuke, betri isikae juani. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa imepita nyuzi 45, na bati au dashibodi ya gari mchana hupita hapo bila shida.

Kufunga na kulenga

Taa nzuri iliyolengwa vibaya ni hasara tupu. Simamisha baiskeli kwenye sakafu tambarare, gurudumu la mbele likiwa mita 5 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo wa kawaida, na mtu amekaa juu. Mtu huyo ni muhimu, na mzigo pia kama huwa unabeba: kilo 50 kwenye keria hulala kwenye tairi la nyuma, pua ya baiskeli inainuka, na taa iliyokuwa imelengwa vizuri inaangaza vichwa vya watu. Pima kimo cha taa kutoka chini. Tuseme ni sentimita 100. Piga mstari wa chaki ukutani kwa kimo hicho. Kwa taa yenye mkato, ukingo wa juu ushuke sentimita 12 hadi 13 chini ya mstari. Hapo utagusa barabara mita 40 mbele. Kwa taa ya duara, kitovu chake kiwe sentimita 33 chini ya mstari, ambapo kinagusa barabara kwenye mita 15. Kimo kikiwa tofauti, punguza au ongeza kwa uwiano huo huo. Kisha weka alama kwenye kishikio kwa rangi ya kucha, ili ikigongwa uirudishe bila kutafuta ukuta.

Usukani ndio mahali pazuri kwa wengi. Baiskeli za breki za fito huwa na kishikio cha taa mbele ya shingo ya fremu, chini ya usukani, na hicho ni kizuri pia, mradi kikapu kisizibe. Taa ikikaa chini, shimo hutupa kivuli kirefu na unaliona mapema. Ikikaa kichwani, macho na taa vinatazama kutoka sehemu moja, kivuli kinajificha nyuma ya kitu, na shimo linaonekana bapa kama doa la mafuta. Ndiyo maana taa ya kichwani isiwe peke yake. Kwenye ukungu wa Njombe au Limuru, au nyuma ya lori kwenye vumbi, izime kabisa. Mwanga wake unarudi machoni kama pazia jeupe.

Lami iliyolowa ni mtihani mgumu kuliko yote. Inageuka kioo, mwanga unaruka mbele badala ya kurudi kwako, na taa iliyokutosha jana inaonekana kama imekufa. Hakuna lumeni zitakazotibu hilo kikamilifu. Punguza mwendo kwa theluthi moja, na kama taa ni ya duara ishushe kidogo.

Kinachoharibika kwanza ni raba. Mkanda wa raba wa kufungia hupasuka kwa jua ndani ya msimu mmoja. Kishikio cha skrubu hudumu zaidi. Chini yake funga kipande cha tyubu ya zamani, kinazuia kuteleza na kinakula mtetemo. Nati iwe ile yenye pete ya plastiki ndani, maana changarawe hulegeza nati za kawaida kwa wiki moja. Kamba nyembamba kutoka kwenye taa hadi usukani itaiokoa siku kishikio kitakapovunjika. Kuhusu maji, IPX4 ni mvua ya kawaida, IPX6 ni maji ya kusukumwa kwa nguvu, IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Namba hizo zote hazina kazi kama kifuniko cha tundu la USB kimekatika. Tundu likitazama chini maji hayakai. Pete za raba zipakwe grisi ya silikoni kidogo kila baada ya miezi michache. Vaselini huilegeza raba ya asili, iache kwa mikono yako.

Nyuma

Taa ya nyuma haihitaji nguvu nyingi: lumeni 20 hadi 50 za rangi nyekundu zinatosha usiku. Zile za 200 na zaidi ni za mchana, usiku humchoma macho anayekufuata. Iwake bila kumetameta, kwa sababu dereva hukadiria umbali vibaya kwa mwanga unaopotea na kurudi. Ukiwa na taa mbili, moja iwake moja kwa moja na nyingine imetemete taratibu.

Kosa tunaloliona zaidi ni mahali ilipofungwa. Taa iliyo kwenye nguzo ya siti hufunikwa na gunia la mkaa, kreti za soda au koti refu. Ifunge mwisho wa keria au kwenye madigadi, upande wa kulia kidogo kwa sisi tunaoendesha kushoto, ikitazama nyuma sawasawa; ikiinama nyuzi chache tu kuelekea chini inapoteza sehemu kubwa ya umbali. Ongeza reflekta, ambazo haziishiwi chaji. Utepe wa kuakisi wa malori, sentimita 5 kwenye kila mkono wa pedali na mkanda mwingine kwenye kifundo cha mguu, hupanda na kushuka kila unapokanyaga, na dereva huutambua kuwa ni mtu anayeendesha baiskeli kabla hajaitambua taa yenyewe. Ufute vumbi kila jioni kwa kitambaa chenye maji, pamoja na lenzi ya mbele.